Udongo Niliotupa Oakdale

Alhamisi jioni. Joto la leo limebana kama blanketi lililolowa, na mvua waliyoitabiri haikuja. Nimeoga mara mbili lakini udongo mwekundu bado uko chini ya kucha.

Leo mama amezikwa, nami nilikuwa kazini.

Kuandika kwangu si kuzuri. Shule niliiacha darasa la tano tulipokimbia kutoka Uvira. Naandika kwa sababu hapa nyumbani sina wa kumwambia. Mke wangu yuko zamu. Watoto wanasikia Kiswahili changu, wananijibu kwa Kiingereza, wananishika bega kidogo, kisha wanarudi kwenye simu zao.

Mama alibaki kambini, Tanzania. Karatasi zetu za kuhamia huku zilitoka, zake hazikutoka. Tulimwambia atatufuata. Alingoja mpaka juzi.

Mazishi yalikuwa saa nane mchana kwao, na hapa kwangu ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Niliegesha gari kando ya uwanja tunaoujenga, kabla wenzangu hawajafika, na mdogo wangu Neema akanipigia kwa video. Niliiona kwaya. Niliona sanduku likishushwa kwa kamba. Kwetu watoto wa marehemu ndio wanaotangulia kutupa udongo, mkubwa kwanza, na mkubwa ni mimi. Neema akainama achote kwa niaba yangu, akainua mkono, na hapo picha ikaganda. Mtandao wa kambini ulikatika na haukurudi.

Nikatoka kwenye gari, nikavaa glavu.

Mbona sikubaki nyumbani? Niliogopa. Watu wa kanisa wangekuja na viti kukaa matanga, nami ningelazimika kusema kwa mdomo wangu kwamba amekufa. Kazini hakuna aliyejua.

Uwanja wenyewe, hapa Oakdale, ni wa besiboli ya watoto. Kimbunga cha mwezi uliopita kiliezua vibanda vya wachezaji na kulaza uzio. Mti mkubwa uliangukia katikati, na mashine zilizokuja kuuondoa zikavuruga kile kilima kidogo anaposimama mtoto wa kurusha mpira. Ligi yao inaanza tena Jumamosi. Shefu, msimamizi wetu, alinionyesha kigingi, akasema nirundike udongo pale, kimo cha shibiri, niushindilie. Kisha akaondoka na pikapu kuchukua seng'enge.

Mchezo huu sijawahi kuutazama hata siku moja. Nikarundika tu. Nilimwaga toroli baada ya toroli, nikapigapiga kwa mgongo wa beleshi, nikanyoosha pembeni. Ule ubao mweupe ambao mrushaji huukanyaga niliusimamisha upande mmoja usichafuke. Mikono ilikuwa inafanya yenyewe.

Otieno, Mkenya ninayefanya naye kazi, akaja akicheka. "We Mkongo! Kwani leo tunazika nani hapa?"

Nikatazama nilichokitengeneza. Kirefu, chembamba, kimeinuka katikati, na ubao mweupe kichwani.

"Mama yangu," nikasema.

Ndiyo mara ya kwanza maneno hayo kunitoka.

Kicheko kilimkatikia mdomoni. Akavua kofia. "Aki pole, ndugu yangu. Na umekuja job hujaambia mtu?"

Nilikaa kwenye nyasi nikalia, mtu mzima, katikati ya uwanja wa watoto wa watu.

Shefu aliporudi, Otieno alimweleza kwa Kiingereza kirefu ambacho sikukishika chote. Shefu akawa mwekundu usoni, akaniambia niende nyumbani. Nikakataa. Kilima kile kilitakiwa kiwe cha mviringo, kwa hiyo lazima kibomolewe, na sikutaka kibomolewe bila mimi.

Kabla hatujaanza, Otieno alichota udongo akaniwekea kiganjani.

"Tupa kwanza."

Nikatupa.

Halafu tukabomoa. Hapo ndipo panaponiuma. Yeye alianzia upande wa miguuni, mimi nikabaki kichwani, na kwa muda mrefu beleshi langu halikutaka kuingia. Ilipofika mchana kilikuwa mviringo, laini, ubao umelala juu yake. Jumamosi mtoto atasimama pale arushe mpira wake, na wazazi watapiga makofi. Sina kinyongo nao. Hata mama angepiga makofi, alipenda watoto wenye fujo.

Neema ameniachia ujumbe wa sauti. Sauti imemkauka. Anauliza kama niliona mpaka mwisho.

Sijamjibu. Nimwambie udongo wangu niliutupa, ila haukumfikia mama? Nimwambie kaburi nililichimbua mwenyewe, kwa sababu ya mpira?

Shefu anasema udongo ule usipomwagiwa maji utapasuka. Kesho nitawahi kabla jua halijawa kali, niumwagie mimi.