Vyeti vya Upepo wa Eleri

Jumapili, 25 Agosti 2019

Leo kanisani nilivaa kofia ya buluu. Makusudi, wote wanione! Chai ilipomiminwa nikawaambia tena: umeme uliochemsha maji haya ni wa mwanangu Eleri. Nani mwingine Wales hii kazaa binti mwenye kampuni ya umeme? Menna jirani akanitania, eti nikifa nitamuuzia Mtakatifu Petro umeme pale langoni pa mbinguni. Acha aseme! Na yeye nilimsajili mimi kwenye kampuni ya Eleri — kijiji kizima nilikisajili, mlango kwa mlango.

Jumamosi, 31 Agosti

Eleri kaja. Hali kitu, hata mkate wangu wa zabibu! Leo ndiyo mwisho wa kumpelekea mdhibiti wa serikali vyeti vya umeme wa upepo. Kila muuza umeme lazima awe navyo, la sivyo alipe fedha badala yake. Nikamvuta dirishani: si hayo mapangaboi yako ya umeme wa upepo kule mlimani, yanazunguka? Wanataka ushahidi gani tena?

Kumbe umeme alinunua, lakini vyeti vyake mwenye mapangaboi kaziuzia kampuni kubwa. Umeme mbali, vyeti mbali! Yeye alidhani vinakuja pamoja. Mwanangu, mwenye digrii mbili!

Wamemwongezea muda wa kulipa hadi mwisho wa Oktoba. Akishindwa, leseni inakwenda. Nimsaidie na nini mimi? Nikamkatia kipande kingine.

Jumapili, 13 Oktoba

Ibada ya mavuno. Menna kaniuliza mbele za watu kama ni kweli aliyoyasikia redioni kuhusu kampuni ya Eleri. Nikasema wivu tu. Kisha nikaomba — vyeti! Hata sijui vinafananaje.

Alhamisi, 31 Oktoba

Eleri kapiga simu. Sauti ndogo, kama alipougua surua.

"Mama, kasome mita. Upige na picha."

"Ya nini?"

"Wateja wote wanaambiwa hivyo. Leseni wameichukua. Mtapewa kampuni nyingine."

Nikasema mimi sihami!

"Huulizwi, Mama. Hata mimi sikuulizwa."

Naandika nimekaa hapa kwenye kabati la chini ya ngazi, mita ilipo. Mita inakwenda tu, haina habari. Upepo wa leo! Mapangaboi yanazunguka kama yana wazimu, na sote tumeinamia mita zetu.

Mlango unagongwa. Menna.

"Mama Eleri! Njoo unisomee mita, mimi sizioni hizi namba. Si wewe uliyeniingiza huku?"

Anagonga tena.

Siwezi kumfungulia hivi hivi. Ile kofia ya buluu niliiweka wapi —