Kichujio cha Gari la Ramiro

Delfina, unakumbuka jirani aliponiuliza, "Mbona gari la mbio la marehemu linanguruma kama trekta?" Nikampuuza.

Leo nimelipeleka kupimwa moshi. Lisipofaulu, kwa sheria ya hapa Fresno haliendeshwi tena barabarani, na ndilo pekee mume wangu Ramiro aliloniachia. Fundi kachungulia chini: "Mama, kichujio cha moshi hakipo, ndiyo maana linanguruma. Tena hakikukatwa kwa msumeno kama wafanyavyo wezi; kimefunguliwa kwa spana."

Kwa spana, Delfina! Ufunguo wa gereji anao shemeji yangu Eleazar tu.

Nimemfuata kwake.

"Nilikiazima ili gari langu lipite kipimo, shemeji. Sisi wenye magari ya zamani tunaazimana."

"Unaazima kwa maiti?"

"Kaka angenipa."

"Basi kifungue sasa hivi. Nakaa hapa nasali rozari."

"Nimeshampa mwenzangu, naye gari lake likapimwe."

Mwizi asiye na haya! Kachukua kofia, katoka, kaniacha na rozari yangu kwenye kochi lake.