Musumba kwa Herufi Ndogo

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Donatien, mtunza kompyuta wetu, alifukuzwa Ijumaa, na leo seva ya labo imekataa kufunguka. Ndani yake mna majibu yote ya mawe tuliyopima mwezi huu. Tata Mukalay, direkta, amebonyeza kwa kidole kimoja mpaka akatoka jasho. Nimempigia Donatien. Amesema neno la siri ni lile lile: musumba, herufi ndogo. Kijiji chao! Mlinzi wa siri zetu zote, na hicho ndicho alichobuni. Tumeandika. Imekataa.

Angalau clavier, kibodi ya kuandikia, ni mpya, nyeupe, nimeinunua asubuhi karibu na soko. Ya zamani niliimwagia chai wiki iliyopita.

Jumanne, 10 Septemba

Polisi wamemchukua Donatien. Eti sabotage, ameiharibu seva makusudi. Tata Mukalay kasema mbele ya wote: "Ule muntu iko anatucheka. Anatupa jina ya kwabo, kumbe alishabadirisha code."

Nikaongeza kwamba siku zote alikuwa na majivuno. Ni kweli. Ila kama majivuno yangekuwa kosa, direkta angefungwa maisha.

Shekina, mke wa Donatien, amekaa kwenye korido yetu na sahani ya bukari, ugali aliokatazwa kumpelekea.

"Mama Noëlla, mashini ikifunguka, batamutosha?"

Nimesema ndiyo, watamtoa. Sijui kwa nini nimesema.

Jumatano, 11 Septemba

Nimepita mlango wa nyuma. Unaizima seva, unaiwasha, unaikatiza kabla haijaamka vizuri. Hapo haiulizi kitu, unaandika neno jipya la siri. Donatien ndiye aliyenifundisha. Nimeweka musumba tena, kwa kumdhihaki. Imekubali. Nikaiwasha upya, nikijiona injinia.

Imekataa. Neno langu mwenyewe, la dakika mbili! Sasa nani amenifanyia sabotage?

Alhamisi, 12 Septemba

Neno la siri halionekani ukiliandika. Basi leo nimeliandika pale pa jina, panapoonekana. Nimebonyeza musumba. Ikatokea:

,usu,bq

Clavier mpya ni ya Kiingereza. Seva kabla haijaamka inasoma Kiingereza, ndiyo maana jana ilinikubalia; ikishaamka inasoma Kifaransa: m yangu kwake ni koma, a ni q. Jina la kuingilia, root, herufi zake ziko pale pale kwenye zote mbili, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Donatien hakubadilisha kitu. Aliyebadilisha ni mimi.

Nimechomeka ya zamani, bado inanata. Imefunguka mara moja. Nimeona aibu mpaka masikio.

Tata Mukalay amekuja akipiga makofi. "Kazi ya Donatien ni yako, mama. Sasa andika rapport, namna alitufungia. Bapolisi beko banangojea."

Kazi yake! Nimekaa. Nimeandika tarehe. Clavier nyeupe iko mkobani, chini ya kitenge. Shekina ameingia na kikombe cha chai, kunishukuru. Amekiweka mbali, pembeni kabisa ya meza. Anaangalia mikono yangu juu ya clavier inayonata.

"Jana kulikuwa clavier ya mweupe hapa," anasema. "Iko wapi, mama?"