Kengele Mwishoni mwa Wimbo

Jumamosi, 7 Juni 2025

Tumerudi kutoka Chanika, miguu imejaa vumbi. Leo ndiyo leo! Nyufa, bendi yetu ya metal, wametoa albamu mpya baada ya miaka mingi ya kimya, na sheria yetu ni ileile: hakuna kusikiliza peke yako. Tunakutana kwa Leodegar, hukohuko Chanika. Simu zote kwenye beseni. Feni inazimwa — "feni inakula muziki," Benson husema hivyo tangu ujana wake. Na hakuna kutia neno mpaka wimbo wa mwisho uishe. Majirani wa Leodegar wanadhani ni maombi. Siwalaumu. Watu wazima wanne wamefumba macho, jasho linawatiririka, vichwa vinatikisika.

Tuko wanne tu. Leodegar, mpima ardhi, mwenye nyumba na mwenye spika. Vaileth, nesi, mdogo kuliko sote na mdomo mkubwa kuliko sote. Mume wangu Benson, fundi wa mageti. Na mimi, mwalimu wa darasa la tatu, ambaye wenzake ofisini wakijua anasikiliza metal watamwitia mchungaji amwombee.

Albamu inaitwa Mchana Mrefu. Nimeipenda. Sikutaka kuipenda — nilikwenda nimejiandaa kununa. Gitaa bado zinapinda njia kila ukizoea, ila sasa kuna nafasi ya kupumua. Wimbo wa mwisho ukaisha. Kimya. Halafu kengele! Ileile ya Kaburi la Treni, albamu yao ya kwanza. Ndogo, nyembamba, mara moja tu. Leodegar alifuta macho kwa fulana yake. Vaileth alinishika mkono.

Benson akafumbua macho na kusema imeisha vibaya, imekatika tu.

Basi ubishi ukaanza. Benson: wameondoa matoazi, ngoma zimefunikwa blanketi, hawa siyo Nyufa. Vaileth: kaka Benson anaishi mwaka 2008 na hataki kuhama. Leodegar akauliza, hata ile kengele hujaipenda? Benson akajibu kengele ni ile ya zamani, nyingine hakuna. Tukaona ni ubishi tu. Tulikula mihogo na samaki, tukaendelea kubishana mpaka getini.

Jumapili, 8 Juni

Tangu jana nakumbuka chumba cha Ubungo. Chumba kimoja, nyuma ya stendi ya zamani. Benson ndiyo kwanza ameanza kuchomelea, mikono ina vidonda vya cheche, na ana CD moja tu ya maana — Kaburi la Treni. Mimi nimekaa juu ya kreti ya soda, nimevaa gauni la kwaya.

Muziki sikuuelewa. Nilidhani redio imeharibika! Lakini alinisihi nisubiri mwisho. Wimbo wenyewe mrefu kama safari ya Songea. Ukaisha, na nje mabasi ya mikoani yanapiga honi. Benson akairudisha nyuma. Tukasubiri mabasi yatulie. Akasema, "Felicitas, usipumue." Akainua kidole kimoja. Kengele ikalia.

Nilimpenda pale pale, na sioni haya kuandika.

Enzi hizo aliniita Felicitas. Tangu mtoto azaliwe ni Mama Herieth, na mimi namwita Baba Herieth, kama vile tulizaliwa na majina hayo.

Jumatano, 11 Juni

Vita kwenye grupu letu la simu. Benson ametuma voisi mfululizo, ndefu kama mahubiri. Kisha akaenda kwenye ukurasa wa bendi na kuandika mbele ya dunia nzima kwamba mpiga ngoma ameweka matoazi stoo.

Mpiga ngoma mwenyewe akajibu! Kwa adabu kabisa. Kwamba matoazi yapo kila wimbo, labda kaka abadilishe spika, na asante kwa kuwapenda tangu mwanzo.

Vaileth akalileta jibu kwenye grupu na vikatuni vya kucheka. Leodegar naye akacheka. Benson akajitoa kwenye grupu. Yeye aliyelianzisha.

Jioni tukala ugali. Nikamwambia ni muziki tu. Hapo nilikosea. Kwake haijawahi kuwa muziki tu.

Ijumaa, 13 Juni

Sijui niandikeje.

Asubuhi, kabla sijaenda sokoni, mita ya LUKU ilishaanza kulia kwamba umeme unakaribia kuisha — kile kisauti chembamba kinachokera mpaka uweke tokeni. Sikusema kitu. Benson alikuwa sebuleni, leo hakwenda karakana, na mita iko ukutani nyuma ya kichwa chake. Nikajua ataweka.

Nimerudi, umeme hamna. Samaki kwenye friza wamelegea. Nikafoka. Benson akashangaa kweli, siyo mshangao wa kuigiza.

"Ingelia ningesikia."

Jirani yetu Demetria akapaza sauti dirishani kwake: imelia kutwa nzima, jamani, hadi kichwa kikamuuma.

Nilikaa juu ya gunia la mchele. Yote yakajipanga yenyewe. Birika likipiga mluzi, ni mimi ninayekimbia. Herieth akipiga simu kutoka shuleni, baba yake anasema mtoto anaongea mdomoni. Mie naongea mdomoni. Padri anaongea mdomoni. Miaka yote hiyo na grainda, inapasua chuma pembeni ya sikio, na viziba masikio alikuwaga anasema ni vya waoga.

Matoazi. Kengele.

Hawakuondoa kitu. Ni yeye sauti nyembamba hazimfikii. Zile albamu za zamani anazijua pigo kwa pigo, kwa hiyo anajazia mwenyewe, wala hajui kama anajazia. Hii mpya hana cha kujazia. Na sisi tulimcheka! Mimi pia, nilicheka kidogo jikoni.

Nimelia. Nikasingizia vitunguu.

Jumanne, 17 Juni

Nimempigia Vaileth. Nikamweleza yote. Kisha akasema kilichopotea huwa hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa. Akapimwe. Vipo vifaa vya kuvaa. Na kila siku anayoshika grainda bila kuziba masikio, anapunguza tena.

"Dada, mwambie wewe," akasema. "Sie akitusikia tunasema, atajua tunamcheka tena."

Jioni nilijiandaa. Nikaketi karibu naye, nikafungua mdomo, nikazungumzia kachumbari. Akaitikia kwa kichwa. Darasani mwangu najua kuitikia huko! Mtoto asiyesikia huitikia kila ukimtazama, kwa sababu anaogopa ukirudia wenzake watageuka. Nimewagundua watoto kadhaa kwa namna hiyo na nikasifiwa. Huyu wa nyumbani amenipita.

Ijumaa, 20 Juni

Leo pia sikusema. Ameondoka asubuhi kwenda karakana, anaimba. Kuna oda ya geti kubwa.

Jumapili, 22 Juni

Tumetoka misa ya kwanza. Benson amekuwa mpole tangu asubuhi. Akaniomba tukae tusikilize Kaburi la Treni, wawili tu, kama zamani. Nikafurahi. Nikawaza, ikiisha nitamwambia, moyo wake ukiwa laini.

Simu kwenye beseni. Feni ikazimwa. Akafumba macho.

Wimbo wa tatu, mita ikaanza kulia. Tokeni nilishanunua, iko kwenye simu. Simu iko kwenye beseni. Ningeweza kuinuka, sheria ni yetu wenyewe. Lakini uso wake! Ulikuwa uso wa yule kijana wa Ubungo, midomo inatangulia kila badiliko la gitaa. Nikasema moyoni itavumilia. Mita ikalia nyimbo zote zilizobaki na hakukunja hata uso.

Wimbo wa mwisho ukafika. Gitaa zikapanda, zikashuka, zikaisha. Kile kimya kikaja.

Taa nyekundu ya amplifaya ikazimika. Mita ikanyamaza. Umeme umekata, na kengele bado.

Benson akainua kidole. Mahali pake hasa, palepale. Akatabasamu macho yamefumbwa.

"Umeisikia?"

Nilikuwa na maneno yote. Nilikuwa nayo tangu Ijumaa ile.

"Nimeisikia," nikasema.

Akafumbua macho, yamelowa. Akasema hiyo ndiyo kengele, kwenye Mchana Mrefu haipo, na hana wazimu. Hajali kuchekwa, ila ameumia kwamba Leodegar naye alicheka. Kwa hiyo twende Chanika sasa hivi, na CD yetu, tuwasikilizishe zote mbili. Mimi ndiye nitakayesema mbele yao. Mimi wataniamini, mwalimu hasemi uongo.

Nimeingia chumbani kubadili gauni. Naandika haya nimesimama, daftari juu ya kabati la nguo. Yeye ameshavaa viatu, nasikia vinavyotembea sebuleni. Nitoke nimwambie nini? Nianzie wapi?

Sasa anabonyeza kitufe ili CD itoke. Anabonyeza tena. Nasikia swichi ya ukutani, chini, juu. Sasa kitufe tena.

Viatu vinasogea mpaka kwenye mita, vinasimama.

Ananiita. Siyo Mama Herieth. Anasema, Felicitas.