Divine Amepata Saba

Kasulu, 12 Januari 2025

Shikamoo baba. Mgongo unaendeleaje? Sisi wazima, ila mjukuu wako Divine. Tangu atoke kwako likizo analala tu, viganja vimekuwa vyeupe. Wamempima, damu ni saba. Malaria hana, selimundu hana. Daktari anauliza alikula nini huko Kumsenga. Ikishuka zaidi ataongezewa damu. Jibu umpe Saady, dereva wa Hiace.

Binti yako, Esteri

Kumsenga, 14 Januari

Marahaba mama. Mgongo upo, unanifuata kila niendako. Simu iliyotumbukia chooni sijaifuata, kwa hiyo vumilia mwandiko wa darasa la nne.

Sasa saba ndiyo ya kuliliwa? Mimi saba kati ya kumi nilipata mara moja, kwenye kuimba, baba akachinja jogoo. Msifu mtoto. Alikula ugali, maharage na mboga ya lengalenga. Damu ikiwa kidogo, waulizwe ukoo wa mumeo Kipriani. Siku ya harusi nilimwona alivyopauka.

Baba yako

Kasulu, 17 Januari

Shikamoo baba. Kipriani anakusalimu, sasa kapauka zaidi. Saba si maksi. Mtoto wa umri wake anatakiwa apite kumi na moja. Jana alianguka mstarini shuleni.

Choo kimeonyesha minyoo ya safura, ile inayoingia kwa kutembea peku na kunyonya damu. Dawa kapewa, lakini daktari anahisi kuna kingine. Nikimwuliza Divine anasema, "Ni siri ya kamati." Kamati ni wewe na yeye, baba. Sema.

Esteri

Kumsenga, 18 Januari

Mama Divine, salamu zako nimepokea nimesimama.

Ni udongo wa kichuguu cha nyuma ya jiko. Marehemu mama yako aliutamani akiwa na mimba yako. Nikawa namchimbia, nikaonja, nikanogewa. Mimba ikaisha, mimi nikaendelea miaka thelathini na nne. Divine alinikuta mdomo umejaa. Nikamziba wake kwa kipande, nikakiita keki, nikamfanya katibu wa kamati. Ikawa keki kila asubuhi, na peku.

Mwambie daktari, na jina langu usilifiche. Ukiona usimlete tena, nitanyamaza.

Zahanati wamenipima na mimi. Nimepata nane. Nimemzidi katibu, ila muuguzi hakunipongeza.

Baba yako, mkosaji

Kumsenga, 9 Machi

Mama, hamjambo huko? Saady anarudi mikono mitupu, hii ni barua ya tatu. Kichuguu nimekibomoa, pale nimepanda maboga. Vidonge vya damu nameza. Hasira zako ni halali, endelea nazo. Niambie tu yuko ngapi.

Baba yako

Kasulu, 11 Mei

Shikamoo babu. Hujambo? Mimi sijambo. Nimepata 12. Mama alikuwa amekununia, sasa ameacha. Amesema nije likizo na viatu. Nikifika utafungua mdomo nikukague. Wewe umepata ngapi?

Mjukuu wako Divine, sasa mwenyekiti