Nifunge Difu Gani, la Mbio au la Lori?

Mshauri wangu Bi. Zilpah,

Assalamu alaykum. Nisaidie kabla sijakaza boliti za mwisho, maana hapa Garissa sina mtu wa kumwuliza ambaye hatanicheka au hataenda kunisema ofisini kwa serikali. Najua watu hukuandikia mambo ya waume na wake. Hili langu nalo ni la mume na mke, ila linaanza na gari.

Mimi ni fundi wa magari. Wakati wa Uhuru Mzungu mmoja mfugaji aliyekuwa akifungasha kurudi kwao aliniachia makasha aliyokuwa ameagiza Uingereza, na ndani yake mlikuwa na gari la kujiundia mwenyewe, fremu na bodi nyepesi, lakini halina injini wala giaboksi, basi nikalitafutia injini ya silinda nane kutoka gari la Kimarekani lililopinduka njia ya Thika, nikainua springi, nikalivisha tairi pana, na siku nilipoiwasha mara ya kwanza mbuzi wa sokoni walikata kamba na wenye maduka wakatoka nje kutazama, na wallahi siku hiyo nilijiona mtu.

Sasa hapa sakafuni nina giaboksi mbili na difu mbili, yaani zile gia za ekseli ya nyuma zinazozungusha tairi, na lazima nichague. Moja ni ya gari dogo la mashindano, gia zake zimekaribiana, na difu lake ni la mbio, injini ikizunguka mara tatu tairi limezunguka mara moja. Nyingine nimeitoa kwenye lori bovu, gia ya kwanza ni nzito ya kutambaa, na difu lake linataka injini izunguke karibu mara sita ndipo tairi lizunguke mara moja, kwa hiyo ukifika maili hamsini kwa saa injini inalia kama inaonewa.

Sababu ya gari hili ni mke wangu Timiro. Mwaka juzi alishikwa na uchungu akiwa Modogashe kwa mama yake, maana kwetu mwanamke huenda kwa mama kwa uzazi wa kwanza, na uchungu ulipoharibika nikaitwa kutoka huku, tukampandisha lori tumlete hospitali huku Garissa, lori likazama katika laga, yaani ile mito yetu mikavu ya mchanga mtupu, tukachimba kwa mikono, tukatandika matawi, tukasukuma hadi watu wakatapika, na tulipolitoa mtoto alikuwa amekwisha kufa. Tulimzika kando ya barabara.

Sasa ni mjamzito tena na amerudi Modogashe kwa mama yake, Habibo, kwa sababu wanawake wanasema maadamu hajashika mtoto aliye hai, basi huu nao ni uzazi wa kwanza. Tangu watu waamriwe kukaa kijijini chini ya ulinzi mama yake hapati ruhusa ya kutoka, na Timiro hataki kuzalia mikononi mwa watu baki. Mimi siwezi kukaa kule kwa mama mkwe, ni aibu kubwa, hata kumtazama usoni huwa simtazami. Kwa hiyo nimepanga nikae hapa na gari langu tayari, na madereva wa msafara, yaani magari yanayosindikizwa na askari, wakiniletea habari kwamba uchungu umeanza, niondoke hapohapo, nisimsubiri askari wala msafara wala mtu yeyote, niende nimchukue nirudi naye.

Nilitaka difu la mbio. Lakini ofisa mmoja anayeitwa Murithi alikuja gereji akazunguka gari langu mara kadha wa kadha, akasema, "Yarrow, hii gari ya mbio ni ya nini? Unataka kumkimbia nani? Weka difu ya lori ukae kwa msafara kama wengine." Niliuma meno. Mimi si shifta, si mmoja wa wale waasi wa porini, nilizaliwa hapa na baba yangu amezikwa hapa, na kila nikinunua hata mkebe wa petroli naulizwa unaenda wapi. Tangu siku hiyo nimeapa difu la lori halitaingia chini ya gari langu hata nikinyongwa, maana itakuwa nimemtii. Halafu kuna jamaa mmoja wa porini, simtaji jina, naye kaniambia, "Funga ile ya mbio, ndugu, sisi iko kazi nayo." Nikamwambia hii gari ni ya mke wangu, akacheka.

Timiro mwenyewe alituma neno kwa dereva: "Ambia Yarrow mimi sitaki mbio. Mimi nataka kufika." Lakini yeye hajawahi kushika spana, atajua nini kuhusu difu? Nishauri upesi.

Mimi Yarrow, Garissa, 1967.

MAJIBU

Ndugu Yarrow,

Pole sana kwa mtoto wenu. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Marehemu mume wangu aliendesha malori, nami nilikaa kiti cha pembeni miaka mingi nikishika tochi yeye akiwa chini ya difu, kwa hiyo usidhani umeniletea lugha ngeni. Pole nimekwisha kukupa. Sasa kaa nikugombeze.

Wewe unasema Timiro hajui difu. Yeye peke yake ndiye anayelijua! Alikuwa juu ya lori lile, amelala, wakati ninyi mnachimba. Niambie, siku ile mlichelewa kwa kuwa lori halikuwa na mbio? Lilikuwa na mbio za kutosha mpaka lilipoingia mchangani. Uliowachelewesha ni mchanga uliolimeza lori kwa uzito wake, na sasa unataka kurudi palepale na difu la mashindano. Injini ya silinda nane, difu la mbio, gia ya kwanza ya mbio: utaunguza klachi kwenye laga ya kwanza, na ukiongeza moto tairi zitachimba shimo lao wenyewe. Kutoka Garissa hadi Modogashe hakuna lami hata ya kusimamia mguu mmoja. Hizo mbio utazitumia wapi?

Halafu huo mpango wako. Habari za uchungu zitakuletewa na madereva wa msafara, ule ule msafara usiotaka kuusubiri kwa kuwa unakwenda polepole. Mpaka uzipate, mkeo yuko katika uchungu tangu lini? Halafu ndipo uende, halafu urudi. Gari liko Garissa, mwanamke yuko Modogashe, na wewe unaniuliza habari za meno ya difu.

Kuhusu kukimbia peke yako bila msafara, nisikilize vizuri. Barabara ile ina mabomu ya kutegwa, na kasi haiyaoni. Askari wakiona gari linakuja mbio peke yake hawaulizi jina wala mimba ya nani. Na yule jamaa wa porini anayecheka, unadhani analitamani gari lako kwa rangi yake? Lipe gia za lori uone kama atarudi.

Sasa tufike kwa Bwana Murithi, maana hapo ndipo penye kidonda. Nimekasirika pamoja nawe. Mtu kuulizwa unamkimbia nani katika mji alimozikwa baba yake ni jambo la kuumiza, na usimeze maneno yako kwa ajili yangu. Kaidi! Lakini kaidi kwa faida yako, bwana. Yeye akisema maji ni maji, utakufa kiu ili umwonyeshe? Difu la lori halikuwa lake, ulilitoa wewe kwa mikono yako. Ukilifunga kwa ajili ya Timiro, huyo ofisa hana sehemu hata ya nati moja ndani yake. Ukilikataa kwa ajili yake, basi ndiye amechagua difu la gari lako, na wewe umemsaidia kukaza.

Kwa hiyo fanya hivi. Funga giaboksi ya lori na difu la lori, vyote viwili, usichanganye, maana ile giaboksi ndogo haitaistahimili injini yako, itamwaga meno. Nguvu ya injini hiyo pamoja na difu zito itazungusha tairi bure gari likiwa jepesi nyuma, basi pakia magunia ya mchanga nyuma ya ekseli, punguza upepo wa tairi ukifika laga, ingia kwa gia ya pili taratibu na usiguse klachi mpaka utoke ng'ambo. Lijaribu mchangani kando ya Mto Tana kabla ya safari, si siku ya safari.

Kisha nenda ofisini mchana kweupe, omba ruhusa, ingia katika msafara na uende Modogashe sasa, kabla mwezi wake haujafika. Kaa huko. Najua aibu ya mama mkwe. Mimi ni Mkamba, na kwetu nako mwanamume akimwona mama mkwe njiani hujitupa kichakani. Hakuna aliyekuambia ulale nyumbani kwake. Lala ndani ya gari, lielekeze Garissa, na chai uletewe na shemeji. Umwambie Mama Habibo kwa kinywa cha wazee kwamba umekuja kulinda uzazi wa binti yake, na uone kama atakuita mtu asiye na adabu. Heshima ya kukaa mbali mlikwisha kuitoa mara moja, na mnajua ilizaa nini.

Mwombe mkunga wa pale akubaliane nawe mapema: akiona dalili mbaya aseme mara moja, asingoje kuchoka. Ofisa wa msafara naye aambiwe mapema kwamba kuna mwanamke mjamzito atakayehitaji kusindikizwa saa yoyote, na umwambie mbele ya watu, kwa sauti, ili asije akasahau. Ruhusa ya Mama Habibo kutoka kijijini iombe tena kila wiki hadi wachoke kukiona kiti unachokalia. Huo ndio ukaidi ninaoutaka kwako.

Na mtoto akizaliwa njiani, Yarrow, usikanyage mafuta. Zima injini. Mwache alie mpaka msafara mzima umsikie.

Bi. Zilpah