Kisima Nilichokiandika Kuwa Safi

Dada yangu Mwanasha,

Nakuandikia nikiwa kijijini kwetu Bodo, barua ya wazi isomwe na watu wote, kwa sababu nilipokuwa peke yangu kaburini kwako nilishindwa kusema.

Mama alipofariki, wewe ndiwe uliyenilea. Ulikuwa ukinibeba mgongoni tukipita kwenye tope la mikoko kutafuta chaza, na tukirudi ulinipa wale wakubwa, ukidai wewe umeshiba. Ulishona makuti hadi vidole vikakuchanika ili mimi nisome Msambweni.

Kusoma kwangu ndiko kulikonifikisha Mombasa, katikati ya miaka ya hamsini. Wewe ulikuwa umeshaolewa huko na hamali wa bandarini. Mimi niliajiriwa na mzungu mmoja aliyekuwa akichunguza maisha ya watu wa mjini. Nilikwenda nyumba kwa nyumba na karatasi zangu, nikiuliza: mnalala wangapi chumbani? Maji mnateka wapi? Choo kiko umbali gani?

Nikafika kwako. Mlikuwa watu wanane katika chumba kimoja.

"Andika tuko wanne," uliniambia. "Na kisima, andika maji yake ni safi."

"Dada, choo nimekiona. Ni hatua sita tu kutoka kisimani."

"Hamadi, mwenye nyumba ameapa, wakija watu wa afya hapa, sote nje. Nitawalaza wapi watoto hawa?"

Nikaandika ulivyotaka. Ukanipikia chai kwa maji yaleyale, tukacheka.

Mvua za masika zilipokuja, kisima kilifurika. Homa ya matumbo ikakushika, na siku ya kumi na mbili ukatutoka. Midomo yako ilikuwa imekauka. Neno lako la mwisho kwangu lilikuwa "maji".

Baada ya matanga nilikwenda kwa yule mzungu. Nikamwambia karatasi ya nyumba yenu ni ya uongo.

"Na nyingine ngapi?" akaniuliza.

Hukuwa wewe peke yako uliyeniomba, dada. Mtaa mzima uliniomba, na mtaa mzima niliuandika kuwa salama. Akaniambia karatasi zimeshapelekwa, nami nisirudi tena kazini. Mfereji wa maji ulipokuja, ulipelekwa mtaa mwingine.

Nilirudi nikapiga hodi mlango kwa mlango, nikiwasihi wachemshe maji. Jirani yako mmoja aliniuliza, "Na kuni utatununulia wewe?" Nyuma yake, mwanawe alikuwa akiteka maji kisimani.

Binti yako Mwanakombo nimemlea mimi. Sasa ni mtu mzima, ana watoto. Kila alipouliza mama alikufa na nini, nilimjibu, "Homa tu, mwanangu, ni kazi ya Mungu." Nimechoka kumsingizia Mungu.

Barua hii, ilipofika hapa, nilimpa yeye kwanza aisome. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akanirudishia. Leo ni siku ya nne. Amenipita uani asubuhi hii bila shikamoo.

Mola akurehemu, dada. Nisamehe ukiweza.

Mdogo wako uliyemlea,
Hamadi